Baba Yako na Kilango cha Turbo

Brålanda, Dalsland,
11 Aprili

Mpendwa ndugu yangu Sölve,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani, na ukizipokea uzigawe hapo mezani: za mkeo Bronwyn, za watoto, na zilizobaki ziwe zako. Hujambo? Goti lako limepona, au bado unashuka ngazi kinyumenyume kama ulivyoniandikia? Na samaki wako wa mabwawani wanaendeleaje? Huko kwenu najua joto linaondoka. Huku ndiyo kwanza linabisha hodi. Theluji imebaki nyuma ya ghala tu, palipo na kivuli, na korongo wamerudi katika shamba la majirani zetu akina Lidvall wanapiga kelele tangu asubuhi.

Mimi sijambo. Mgongo unauma, lakini umri wangu haudai mgongo usiouma. Tangu nistaafu kazi ya kupandisha na kuzalisha ng'ombe, mikono yangu imekuwa ikitafuta shughuli, na utaona hapa chini kwamba imeipata.

Nikutoe wasiwasi mapema. Baba yako mzima. Anakula vizuri, analala vizuri, na leo mchana amenitukana kwa sababu nimemwekea sukari kidogo kwenye kahawa.

Barua yako ya Krismasi niliipata. Uliandika kwamba wewe na kaka Ragnar mmekubaliana: baba yako, Baba Mdogo wetu Alvar, apelekwe kwenye nyumba ya wazee Vänersborg, nyumba hii ifungwe, na lile gari jekundu liuzwe kabla kutu haijalimaliza. Uliandika kwa upole, na niliona kwamba ulikuwa umelia. Sikukujibu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sitakubali, na sikutaka kumwandikia ndugu yangu barua ya ubishi wakati wa sikukuu. Sasa nina la kukuambia, na nitalieleza lote ili usije ukasema nilikuficha.

Unakumbuka hali aliyokuwa nayo baada ya kiharusi cha Agosti. Mkono wa kulia ulilegea, mguu ukawa wa kuburuza, na maneno yakampotea. Yalimbakia mawili: "ndiyo," alilolisema kwa kila kitu hata alipomaanisha hapana, na "mashetani," alilolisema sawasawa kabisa, kwa sauti ile ile ya zamani, hata nesi wa zamu akawa anaona haya. Ragnar aliyasikia hayo mawili wiki baada ya wiki, akahitimisha kwamba akili ya mzee imekwenda. Simlaumu sana. Ukimwuliza mtu kama anataka supu akakujibu "mashetani," utafikiria nini?

Lakini yupo mtaalamu wa usemi anayekuja kutoka hospitali, anaitwa Ylva, mwanamke mrefu mwenye nywele fupi na subira ya ajabu. Ndiye aliyenielewesha. Akasema akili ya Baba Mdogo iko pale pale, anaelewa yote tunayosema, hata yale tunayoyasema juu yake kama vile hayupo. Kilichoumia ni njia ya kutolea maneno. Anajua anachotaka kusema, anakiona, lakini neno haliji. Na tunapomharakisha, au tunapommalizia sentensi, hata lile lililokuwa njiani linarudi.

Ylva alikuwa akimletea picha: paka, kijiko, nyumba, mwavuli. Baba yako alizitazama mara moja, akazisukuma hadi ukingo wa meza, akageukia dirishani. Wiki nzima ikawa hivyo, na iliyofuata pia. Siku moja Ylva alikusanya picha zake, akaniuliza huyu mzee alifanya kazi gani. Nikamwambia: maisha yake yote alikuwa kwenye chumba cha kujaribia injini, kule kiwandani Trollhättan, akishughulika na turbo. Akafikiri kidogo. Kisha akaniambia, "Basi mtafutie kitu ambacho mtu mwingine akikieleza vibaya, yeye atakasirika."

Sölve, nilijua mara moja.

Gari lilikuwa gerejini chini ya turubai tangu tumzike mama yako. Nilifungua milango yote miwili, nikawasha hita ile ya mafuta ya taa, nikabeba kiti chenye mikono kutoka jikoni, nikampeleka Baba Mdogo nikamkalisha mbele ya boneti na blanketi magotini. Nikafungua boneti. Mimi injini sizijui, na sikujifanya kuzijua. Nilichungulia tu, nikaona kikopo cha bati kama kibweta kidogo cha pipi, kimefungwa ubavuni mwa turbo, kina kijiti cha chuma kimechomoza upande mmoja na mpira mwembamba upande mwingine.

Nikasema kwa sauti ya mjuaji, "Aha, hiki kikopo bila shaka ni cha kuwekea mafuta."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. Akafungua mdomo, akaufunga. Mashavu yakawa mekundu. Ilikuwa kazi kweli kweli kukaa kimya, maana nilitaka kumsaidia, lakini nilikumbuka maneno ya Ylva, nikang'ata ulimi wangu.

"Mashetani," akasema. Kisha, "Ha... ha..." Akapiga mkono wa kiti. "Hewa."

Neno jipya la kwanza tangu Agosti. Sikupiga kelele wala sikumkumbatia. Nilisema tu, "Hewa? Hewa ya nini tena?" kwa sauti ile ile ya ujuaji, ili asije akapoa.

Tangu siku hiyo tukawa tunakwenda gerejini kila siku baada ya chakula cha mchana, hata siku za baridi kali. Ragnar aliposikia alipiga simu akasema namtesa mzee. Nilimjibu kwamba nimezalisha ng'ombe maisha yangu yote, naijua sura ya kiumbe anayeteswa na naijua sura ya kiumbe anayejitahidi, na hazifanani.

Najua wewe hukupenda injini. Baba yako alitaka ushike spana, wewe ukawa mtoni na ndoano. Kwa hiyo nikueleze kile kikopo kina kazi gani, kwa namna nilivyofundishwa na yeye, neno moja moja, mara nyingine kwa chaki sakafuni, mkono wa kushoto.

Moshi unaotoka kwenye injini una nguvu. Katika gari la kawaida nguvu hiyo inapotea nyuma kwenye ekzosi. Katika gari la turbo, moshi unapitishwa kwenye gurudumu dogo lenye mapanga, unalizungusha kama maji yanavyozungusha gurudumu la kinu. Gurudumu hilo limeunganishwa kwa mhimili mfupi na gurudumu jingine upande wa pili, na hilo la pili ndilo linalovuta hewa safi na kuisukuma kwa nguvu ndani ya injini. Hewa ikiwa nyingi, na mafuta yanaungua mengi, gari linapata nguvu.

Sasa hapo ndipo penye hatari, na hapo baba yako alikuwa akinyanyua kidole kila mara. Mafuta yakiungua mengi, moshi nao unakuwa mwingi. Moshi mwingi unazungusha gurudumu kwa kasi zaidi. Gurudumu likienda kasi zaidi, hewa inaingia nyingi zaidi, na moshi unazidi tena. Jambo linajilisha lenyewe. Ukiliacha, presha inapanda hadi injini inajiua: pistoni zinatoboka, au gasketi inalipuka. "Ina... jila," alisema Baba Mdogo. Ilimchukua muda mrefu kulipata neno hilo, na alipolipata alilirudia hadi tukachoka sote wawili.

Dawa yake ni kilango. Mafundi wanakiita westigeti. Ni mlango mdogo wa chuma, mdogo kama kisahani cha kikombe cha mwanasesere, uliowekwa kwenye njia ya moshi kabla haujafika kwenye gurudumu. Ukiwa umefungwa, moshi wote unapita kwenye gurudumu. Ukifunguka, sehemu ya moshi inapita pembeni, inakwenda zake ekzosi bila kufanya kazi yoyote. Gurudumu linapunguziwa nguvu, na presha inakoma kupanda.

Na anayeufungua mlango si dereva. Ni kile kikopo nilichokiita cha mafuta. Ndani yake mna utando wa mpira na springi. Springi inavuta mlango ubaki umefungwa. Ule mpira mwembamba unaleta hewa kutoka upande ule ambako turbo inaisukuma kwenda kwenye injini. Hewa ikiwa na presha ndogo, springi inashinda. Presha ikifika pale ilipopangwa, inasukuma utando, utando unasukuma kijiti, kijiti kinafungua mlango. Presha ikishuka, springi inaurudisha. Hewa yenyewe ndiyo inayojizuia. Nilipoelewa hilo nilicheka peke yangu, na baba yako akacheka pia kwa upande ule wa mdomo unaotii.

Gari letu lilikuwa na ugonjwa gani? Tulipoliwasha hatimaye, liliwaka, lakini halikuwa na nguvu. Nilipolipeleka barabarani, kilima kile cha kanisani lilikipanda kama ng'ombe mwenye mimba. Baba Mdogo alikuwa pembeni yangu. Alisikiliza, akasema, "Wazi." Nikafikiri dirisha. Nikalifunga. "Mashetani, wazi," akasema, akanionyesha mbele, kwenye boneti.

Ni kilango. Kutu ilikuwa imekikamata kikiwa nusu wazi, na moshi ulikuwa ukipita pembeni muda wote. Turbo haikuwa na cha kuizungusha.

Kazi ya kukitoa kwenye ile kutu sitaieleza yote, maana nitaharibu karatasi na maneno ambayo mama alitukataza. Tulikimwagia mafuta ya kulegezea, tukapasha moto kwa tochi ya gesi, tukagonga taratibu. Kugonga aligonga yeye mwenyewe. Nilishika patasi, yeye akashika nyundo kwa mkono wa kushoto, ule ambao haukuwa wa kazi, na ilibidi niamini kwamba hatanivunja kidole. Hakunivunja. Siku kilango kilipocheza, kikawa kinafunga na kufungua bila kukwaruza, aliweka kidole gumba juu yake akakisukuma huku na huku kwa muda mrefu. Kisha tukachukua pampu ya baiskeli, tukaichomeka kwenye kikopo, nikapampu. Kijiti kikatoka polepole kikafungua mlango. Nikaachia, kikarudi. "Hai," akasema Baba Mdogo. Utando ulikuwa mzima.

Basi siku chache baadaye ndiyo Ragnar akaja. Alikuja na gari lake safi, koti lake la kazi za ofisini, na habari kwamba nafasi imepatikana Vänersborg na kwamba afisa wa ustawi wa jamii atakuja kumwona Baba Mdogo ili kuuthibitisha uhamisho. Alisema mbele yake, huku akinitazama mimi.

Nikamwambia, "Mwambie yeye. Anakusikia."

"Hjördis, usinianze."

"Sikuanzi. Nakuonyesha mtu aliye mbele yako."

Ragnar akavuta pumzi, akamgeukia Baba Mdogo, akamwuliza kwa sauti kubwa kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya mto, "Baba Mdogo, utapenda kwenda Vänersborg, eti?" Na kabla mzee hajafungua mdomo vizuri, akanigeukia tena: "Unaona? Hakuna kitu."

Nilikasirika, Sölve, lakini sikutaka kugombana. Nilimwambia kwamba tunatoka na gari kulijaribu, na kama kweli anataka kujua mzee ana nini, apande kiti cha nyuma. Nadhani alikubali ili aone mwisho wa kichaa changu. Akasema sawa, lakini iwe haraka, ana mkutano.

Sasa sikiliza hapa. Kabla hatujaondoka, boneti ikiwa bado wazi, Baba Mdogo aliinama akagusa ule mpira mwembamba wa kikopo. Akasema, "Hapana." Nikauangalia. Niliona umekaa mahali pake. Akasema tena, "Hapana," akaugusa tena. Nilitaka kumwuliza, lakini Ragnar alikuwa amekwisha kuishusha boneti. "Maneno yake hayana maana," akasema, "twendeni."

Tukaenda. Barabara ilikuwa kavu, jua limetoka. Nilipopita nyumba ya mwisho na barabara ikanyooka kuelekea ziwani, nilikanyaga mafuta kama nilivyoelekezwa, gia ya tatu, bila woga. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu gari likakaza, kama mtu aliyeshikwa kiunoni akasukumwa kwa mikono miwili. Sijawahi kuhisi vile. Nilisikia Ragnar nyuma anashika kiti changu. Geji ya presha ikaanza kupanda, na mimi nilikuwa nikifurahi, nikasubiri isimame pale Baba Mdogo alipokuwa ameniwekea alama ya chaki kwenye kioo.

Haikusimama. Ilipita alama. Ikaingia kwenye nyekundu na ikaendelea. Injini ikaanza kugonga, mlio kama wa kokoto kwenye sufuria, na mimi nikapumbaa. Ndugu yangu, mguu ulisahau kwamba ni wangu.

"Toa mguu, Hjördis!"

Baba Mdogo alisema hivyo. Kwa sauti ya chumba cha majaribio, ile iliyokuwa inapita kelele za injini. Mguu ukatoka wenyewe. Geji ikaanguka, gari likatulia, nikalisimamisha kando ya barabara karibu na shamba la rapa, ule mmea wa mbegu za mafuta. Nilisikia chuma kikipoa, tiki, tiki. Ndipo nikaelewa kwamba ametaja jina langu. Tangu Agosti nilikuwa sina jina mdomoni mwake.

Ragnar ndiye aliyefungua boneti. Mpira ulikuwa umepasuka pale mwishoni unapoingia kwenye kikopo, ufa wa zamani ambao ukiwa umelala huuoni, na presha ilipoupata ikauchomoa kabisa. Ulikuwa unaning'inia hewani. Kilango hakikupata habari yoyote kwamba presha imepanda, kikabaki kimefungwa, na ile hewa ikaendelea kujilisha. Ipo swichi ya kuzima injini presha ikizidi, lakini ya gari hili baba yako aliiondoa mwenyewe zamani katika majaribio yake, unamjua. Pistoni ziliokolewa na ulimi wake.

Baba Mdogo akashuka taratibu, akaja na fimbo yake, akasimama karibu na Ragnar. Akaugusa ule mpira.

"Ni... lisema," akasema. "Nilisema hapana."

Ragnar alivua glavu zake, akazivaa, akazivua tena. Nilimwona usoni, na sitakuandikia nilichokiona kwa sababu ni cha kwake. Mwishowe akamwuliza, kwa sauti ya kawaida safari hii, "Kwa hiyo mpira ukitoka, kilango hakijui?" Akanyamaza akasubiri.

Nilimwona anasubiri, Sölve. Malori mawili yalipita. Upepo ulikuwa wa baridi na hakuna aliyekuwa na kofia. Ragnar aliyekuwa na mkutano alisimama pale na mikono mitupu akimtazama mzee mdomoni, na hakummalizia hata neno moja.

"Hakijui," akasema Baba Mdogo. "Hewa... haifiki. Springi... peke yake. Mlango... umefungwa. Inajila." Akapumzika. "Inajila hadi... inakufa."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kuyasema kwa pamoja tangu augue, na aliyasema akimfundisha Ragnar kando ya barabara. Kisha akatoa kisu chake mfukoni, akampa. Ragnar akaikata ile ncha iliyopasuka, akausukuma mpira mzima uliobaki ukaingia, nasi tukarudi nyumbani polepole nyuma ya trekta. Mkutano wake aliukosa. Alikunywa kahawa jikoni kwetu, akala mikate miwili ya malai ya Kwaresima ambayo daktari wake amemkataza, na alipoondoka alimpa baba yako mkono wa kushoto.

Afisa wa ustawi alikuja wiki iliyofuata, kijana mwenye adabu, na maswali yake. Alimwuliza Baba Mdogo anaonaje juu ya kuhama, kisha kwa mazoea akatugeukia sisi. Ragnar ndiye aliyemwambia, "Subiri. Ameulizwa yeye." Tukasubiri. Yule afisa alianza kusogeza kalamu yake, Ragnar akamtazama, akaacha.

"Hapa," akasema baba yako. "Nyumbani... na msaada... asubuhi. Na jioni." Akanionyesha kwa kidevu. "Huyu... mchana. Anafikiri... kikopo ni cha mafuta."

Afisa hakuelewa mwisho wake, lakini alielewa mwanzo. Imekubaliwa hivyo. Wahudumu wanakuja asubuhi na jioni, na mchana ni wangu. Nyumba haifungwi. Kama kuna karatasi yoyote ya Vänersborg uliyoletewa huko kwenu, usiitie sahihi. Ragnar mwenyewe atakuandikia, na ukiona barua yake imejaa habari za springi na presha usishtuke, amekuwa msumbufu kuliko mimi.

Tulinunua mpira mpya na vibanio vyake. Jumapili iliyopita tulitoka tena, barabara ile ile. Nilikanyaga, geji ikapanda, ikafika kwenye alama ya chaki, ikasimama. Tuli kabisa, na gari linavuta. Baba Mdogo alifumba macho akasikiliza hadi ziwani.

Nisikudanganye lakini. Hajapona. Ylva ananionya kila mara nisitegemee miujiza, naye anajua kazi yake. Kuna siku maneno hayaji kabisa, na jioni akichoka anarudi kwenye yale mawili ya kwanza. Juzi alilitafuta jina la mama yako kutwa nzima na hakulipata, akalia, nami nikalia naye. Sikumtajia. Kesho yake alilisema wakati akivaa soksi: "Maj-Lis." Akakaa na soksi mkononi. Kwa hiyo ni kazi ya miaka, ikiwa Mungu ataijalia miaka, na mimi nimekwisha kuivalia aproni. Sitaiacha, hata mkiniambia kwa upole namna gani.

Ninachokuomba ni kimoja. Njoo majira haya ya kiangazi, siku zinapokuwa ndefu, upate kukaa naye bila haraka. Usije kwa ajili ya kuaga. Njoo kama mtu anayekuja kumsikiliza baba yake. Chumba chako nimekifungua madirisha, na ndoano zako bado ziko ukutani.

Bronwyn mpe salamu, na watoto wote, mdogo umbusu kwenye paji la uso. Ragnar anawasalimu, na shangazi Tyra wa Mellerud, ambaye masikio yamekufa lakini udaku uko hai, na akina Lidvall wote. Ylva pia anakusalimu, ingawa hamjuani. Mungu awalinde huko mliko, awape baridi isiyouma, na akuvushe salama bahari zote zilizo kati yetu.

Kabla sijaiandika barua hii nilimwuliza baba yako kama ana neno la kuniagiza kwako. Tulikuwa mezani. Aliweka kijiko chini, akaanza kulitafuta. Mimi nilitazama korongo nje ili asione namngoja. Muda mrefu ulipita, kahawa ikapoa.

"Mwambie Sölve," akasema. "Kwenye simu... nikinyamaza... nipo." Akachukua kijiko, akakirudisha chini. "Asikate."

Mimi ni dada yako, ambaye kukupenda hakumchoshi,

Hjördis